Nani anayeunganisha makundi yasiyofikiana? Jibu kwa msomaji wa Micheweni

Swali: Assalamu aleikum. Nafanya kazi na kamati za wavuvi na vikundi vya wakulima wa mwani katika shehia tatu (maeneo madogo ya utawala, kila moja chini ya sheha wake) za Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tunataka kufunga mwamba mmoja wa pweza kwa miezi 3, na habari pamoja na makubaliano lazima yafike kwa wote: wavuvi wa mshipi na wa nyavu, akina mama wa mwani, wanaochokoa pweza kwa miguu na wachuuzi. Tuliwahoji watu 140, kila mmoja tukamwomba ataje marafiki zake 5, kisha tukahesabu nani katajwa zaidi. Walioongoza ni sheha, mwenyekiti wa kamati na mwalimu wa madrasa. Tukawapa wao habari, lakini akina mama wa upande wa pili hawakusikia kitu mpaka siku ya mkutano. Tulikosea wapi, na waunganishi wa kweli tunawapataje?

Jibu:

Waaleikumu salaam, dada yangu.

Mlichokipima ni umaarufu, na kazi yenu inahitaji kipimo chengine. Mtu aliyetajwa na watu 30 wa kundi moja, ambao wote wanajuana, anaipeleka habari kwa watu ambao wangeipata hata kama yeye asingekuwepo. Swali la kumtambua mwunganishi ni hili: mtu huyu akiondolewa, nani na nani watakosa njia ya kufikiana, au njia yao itarefuka sana? Jibu lake halimo katika idadi ya watu anaowajua. Inabidi kutazama kama hao anaowajua wanajuana wao kwa wao. Ndiyo maana sheha, ambaye kila mtu anaweza kumfikia kwa njia tano tofauti, anaweza kuwa na nafasi ndogo kuliko mama mmoja anayekaanga pweza jioni kando ya barabara.

Chora mfano huu kwenye karatasi. Majina ni ya kubuni. Wakulima wa mwani wanne, Asha, Biubwa, Chiku na Fatma, kila mmoja anazungumza na wenzake wote: mistari 6. Wavuvi wanne, Haji, Issa, Khamis na Makame, vivyo hivyo: mistari 6 mengine. Kisha yuko Mize, mkaangaji wa pweza. Anazungumza na Asha kwa kuwa ni jirani yake, na anazungumza na Haji kwa kuwa ndiye anayemuuzia pweza. Basi, hana mwengine. Jumla ni watu 9 na mistari 14.

Ukihesabu mistari ya kila mtu kama mlivyofanya nyinyi, Asha na Haji wana 4, wengine 3, na Mize ana 2. Mize ni wa mwisho kabisa. Sasa hesabu kwa njia ya pili: chukua kila jozi ya watu, tafuta njia fupi kuliko zote ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwengine, uandike nani yuko katikati ya njia hiyo. Mkulima yeyote kati ya wale 4 akitaka kumfikia mvuvi yeyote kati ya wale 4, lazima apite kwa Mize: 4 mara 4, njia 16. Asha anapitiwa mara 15, kwa sababu wenzake 3 wanapita kwake kumfikia Mize na wavuvi 4. Haji naye 15. Waliobaki wana sifuri. Jozi ikiwa na njia fupi mbili zilizo sawa, kila njia hupewa nusu. Zikiwa tatu, kila moja hupewa theluthi.

Hii ndiyo hesabu ya kupitiwa, ambayo Linton Freeman, mwanasosholojia wa Marekani, aliichapisha mwaka 1977, na mpaka leo ndiyo mahali pa kuanzia. Ukitaka kulinganisha mitandao ya ukubwa tofauti, gawa kwa idadi ya jozi zote zinazobaki ukimtoa mtu mwenyewe. Kwa watu 9 ni 8 mara 7 kugawa kwa 2, yaani 28. Mize anapata 0.57, Asha na Haji 0.54.

Ongeza mstari mmoja tu. Tuseme dodoso halikuuliza habari za ndoa, na kumbe Chiku ni shemeji yake Issa na wanaonana kila wiki. Chora mstari kati yao uhesabu upya. Mize anashuka kutoka 16 hadi 3. Asha na Haji wanashuka kutoka 15 hadi 4. Chiku na Issa, waliokuwa na sifuri, wanapanda hadi 9 kila mmoja na kushika nafasi ya kwanza. Mstari mmoja kati ya 15 umepindua orodha nzima.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi za aina hii. Hesabu ya umaarufu huvumilia data yenye matundu: aliyetajwa na watu 30, akikosa kutajwa na wawili, bado yuko juu. Hesabu ya kupitiwa haina uvumilivu huo, kwani mistari inayovuka kutoka kundi hadi kundi huwa ni michache, na ndiyo hiyo hiyo ambayo dodoso baya huipoteza kwanza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili inahusu namna ya kuuliza na kuandika. Kompyuta ni kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu marafiki 5

Ukimwekea mtu kikomo cha majina 5, huanza na wa nyumbani, halafu jirani, halafu mwenzake wa shamba la mwani. Akifika jina la tano bado hajatoka nje ya kundi lake. Yule mchuuzi anayeonana naye mara moja kwa mwezi angekuwa jina la tisa au la kumi, na hamkulifikia. Neno "rafiki" nalo linapunguza zaidi, maana watu hawamwiti rafiki mtu wanayemuuzia au wanayemkopa.

Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionesha hili katika makala yake ya mwaka 1973. Aliwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana na mtu huyo angalau mara 2 kwa wiki, asilimia 55.6 walionana naye mara moja moja, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Walio karibu nawe kwa kawaida wanajua yale yale unayoyajua. Habari mpya ililetwa na watu wa pembeni.

Kwa hiyo ondoeni kikomo, na badala ya swali moja la jumla ulizeni maswali saba yenye tendo na muda, kila moja likimpeleka mtu kwenye upande mwengine wa maisha yake. Katika mwezi uliopita umezungumza na nani kuhusu bei ya mwani au ya pweza? Ukikwama fedha ya kamba au ya kushona nyavu unamwendea nani? Unacheza upatu na nani? Una mkwe, wifi au shemeji katika shehia nyengine, na mmeonana tangu Ramadhani? Mnasikiliza darsa au mnafanya maulidi pamoja na nani asiye wa mtaa wenu? Halafu mawili ambayo kwa kazi yenu ndiyo yenye uzito kuliko yote: nani asiye wa shehia hii unayezungumza naye mambo ya pwani, na nani asiyefanya kazi kama yako? Msikubali jibu la "hakuna" mara moja. Muulizaji ataje mahali: diko (wanapotia nanga wavuvi), soko la Konde, gari ya abiria, kituo cha afya, skuli ya watoto. Watu hukumbuka wenzao kwa mahali walipoonana.

Kila jina lifuatiwe na maswali mawili mafupi: mnazungumza mara ngapi, na nani humletea mwenzake habari, wewe au yeye? Hili la pili litakufaa huko mbele.

Mwanamke aulizwe na mwanamke, faragha, bila mume wala mama mkwe kusikia. Mama anayenunua samaki kwa wavuvi watatu hatawataja mbele ya watu wazima wa nyumba, na mistari hiyo ndiyo mnayoitafuta.

Lini na nani

Msiwafuate akina mama wa mwani wakati wa bamvua. Maji yakitoka sana wao wako shambani na wachokoaji pweza wako mwambani. Mtakaowakuta mitaani ni wale wasiokwenda pwani. Maji mafu, yasiyotoka sana, ndiyo wakati wao. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hupatikana zaidi mbalamwezi inapokuwa kali. Na wako walio dago. Mvuvi anayehama na wenzake kwa wiki au miezi kwenda kuvua Unguja, Tanga au Kenya, ukimkosa umemkosa mtu ambaye kwa kazi yake yenyewe yuko katikati ya watu wasiojuana. Andikeni orodha ya walio dago, mwahoji wakirudi au kwa simu. Kuwaacha kabisa ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Mpaka wa utafiti wenu nao una hila yake. Mkiuliza ndani ya shehia tatu tu, wakala anayenunua mwani na mchuuzi anayetoka Wete watatajwa lakini hawatahojiwa. Msiwafute kwenye data kwa kuwa si wakaazi. Fanyeni mzunguko wa pili: kila mtu wa nje aliyetajwa na watu kutoka shehia mbili au zaidi, au kutoka kazi mbili au zaidi, afuatwe ahojiwe kwa dodoso lile lile. Mara nyingi orodha hii haizidi watu 20, na thamani yake ni kubwa kuliko kuongeza wahojiwa 50 wa ndani.

Majina

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Khamis Juma, Fatma Ali, Makame Haji: katika shehia tatu unaweza kukuta watu wanne wa jina moja. Zaidi ya hapo, mtu mmoja ana jina la cheti, jina la utani la baharini, na jina la mtoto wake wa kwanza, hivyo kwa majirani ni Mama Salma na kwa wavuvi ni Bi Fatma.

Makosa mawili hutokea, na hayafanani. La kwanza, mtu mmoja kugawanywa kuwa wawili: Mama Salma anabaki upande wa mwani, Bi Fatma upande wa wavuvi, na daraja lililokuwepo linapotea. La pili ni la hatari zaidi: watu wawili kuunganishwa kuwa mmoja. Khamis Juma wa shehia ya kwanza na Khamis Juma wa shehia ya tatu, ambao hawajawahi kuonana, wakiandikwa kama mtu mmoja, kompyuta itamweka kwenye nafasi ya kwanza kabisa, kwani sasa "yeye" ana mistari kote kuwili. Jina la kawaida likitokea juu ya orodha, hilo ndilo la kulitilia shaka mwanzo.

Dawa yake ni kumpa kila mtu namba, na kwenye daftari la namba kuandika majina matatu, jina la utani, mtaa, kazi, na ni mtoto au mke au mume wa nani. Namba moja moja ihakikiwe na watu wawili wazima wa mtaa husika kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta. Kwa watu 140 pamoja na waliotajwa, jitengeeni siku mbili au tatu kwa kazi hii peke yake.

Kuhesabu

Jedwali la mistari ni la safu nne: namba ya aliyetaja, namba ya aliyetajwa, aina ya uhusiano, na mara ngapi kwa mwezi. Jedwali la pili ni la watu: namba, shehia, kazi, jinsia. Programu ya Gephi, ya kuchora na kuhesabu mitandao ya aina hii, ni ya bure. Safu mbili za kwanza zipeni vichwa Source na Target ili izitambue, na hesabu ya kupitiwa (kwa Kiingereza betweenness centrality) mtaipata kwenye kitufe cha Network Diameter. Anayejua lugha ya kompyuta ya Python atumie maktaba ya NetworkX, anayejua lugha ya R atumie igraph. Ulrik Brandes alichapisha mwaka 2001 njia ya haraka ya hesabu hii, na kwa mtandao wa ukubwa wenu kompyuta ya kawaida haihitaji kusubiriwa.

Tahadhari moja ya kiufundi. Mkitumia uzito, yaani ile safu ya mara ngapi kwa mwezi, katika NetworkX au igraph, hesabu ya kupitiwa huusoma uzito kama umbali. Ukiandika 20 kwa wanaozungumza mara 20 kwa mwezi, programu itadhani hao wako mbali sana. Geuzeni: 1 kugawa kwa mara, ili 20 iwe 0.05. Kosa hili halitoi onyo lolote. Matokeo yanatoka mazuri machoni na yamepinduka.

Msitegemee kipimo kimoja. Cha pili cha kutazama ni ukubwa halisi wa duara la mtu, kipimo kilichotokana na kazi ya mwanasosholojia Ronald Burt kuhusu mapengo kati ya makundi. Kinahesabika hata kwa mkono: idadi ya anaowajua, toa mara mbili ya idadi ya mistari iliyopo kati ya hao anaowajua, iliyogawanywa kwa idadi yao. Biubwa wa kwenye mfano anawajua 3, na wote 3 wanajuana kwa mistari 3: 3 toa 6 iliyogawanywa kwa 3, anabaki na 1. Yaani watu wake watatu ni sawa na mtu mmoja. Mize anawajua 2 wasiojuana: anabaki na 2 yake kamili. Asha, kabla hatujauongeza ule mstari wa Chiku na Issa, ana 4 toa 6 iliyogawanywa kwa 4, yaani 2.5. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinahitaji duara la mtu mwenyewe tu, kwa hiyo mstari uliokosekana mbali huko haukiharibu. Mtu aliye juu kwa vipimo vyote viwili ndiye wa kumfuata kwanza.

Cha tatu ni mgawanyo wa mistari ya mtu kati ya makundi, ambacho Roger Guimerà na Luís Amaral walikitumia mwaka 2005. Kwa kila kundi, chukua sehemu ya mistari yake inayokwenda huko, uizidishe kwa yenyewe. Jumlisha zote, toa kwenye 1. Mize ana nusu na nusu: 1 toa 0.5, anapata 0.5. Asha ana robo tatu kwao na robo kwengine: 0.375. Biubwa ni sifuri.

Kipimo hiki kinataka ujue makundi ni yepi. Njia ya Louvain, iliyotolewa na Vincent Blondel wa Ubelgiji na wenzake mwaka 2008, inayakisia makundi kutokana na mistari yenyewe, na Gephi inayo kwa jina la Modularity. Iendesheni mara 20, maana huanza kwa bahati nasibu na majibu hubadilika kidogo. Wale wanaohamahama, leo kundi hili na kesho lile, waandikeni pembeni. Aghalabu ni waunganishi. Lakini kwa kazi yenu naona ni bora kuanza na makundi mnayoyajua, yaani shehia na kazi ya mtu, kisha kuyalinganisha na ya kompyuta. Yakitofautiana sana, huenda mpaka wa kweli ni ukoo au mtaa, na hilo ni jambo la kujua kabla ya kuitisha mkutano wowote.

Sasa lile swali la nani humletea nani habari. Roger Gould na Roberto Fernandez walitenganisha mwaka 1989 nafasi tano za mtu aliye kati ya wawili, kwa kutazama kila mmoja yuko kundi gani. Kuna anayewaunganisha watu wa kundi lake mwenyewe. Kuna mgeni anayewaunganisha watu wawili wa kundi moja ambalo yeye hayumo. Kuna anayepokea kutoka nje na kuwapa wa kwao, na kuna anayechukua ya kwao na kuyapeleka nje. Wa tano anaunganisha makundi mawili, naye hayumo katika lolote. Mwenyekiti wa kamati mara nyingi ni wa aina ya nne: hodari wa kuyasema ya wavuvi ofisini, lakini yanayotoka nje hayashuki kwake kwenda chini. Mkitaka habari iingie kwa akina mama wa upande wa pili, mtafuteni wa aina ya tatu miongoni mwao wenyewe.

Kuhakikisha

Kabla ya kuamini orodha, futeni asilimia 10 ya mistari kwa bahati nasibu, hesabuni upya, mrudie mara 100. Anayebaki ndani ya kumi bora mara 80 au zaidi ana nafasi imara. Anayeonekana mara 30 tu, nafasi yake inategemea mstari mmoja au miwili, na hiyo mistari nendeni mkaihakiki kwa kuuliza pande zote mbili. Halafu waulizeni watu 10 wa kila kundi, bila kuwaonesha orodha: ukitaka ujumbe uwafikie wale wa ng'ambo bila kwenda mwenyewe, ungempa nani? Majina ya kompyuta na majina ya watu yakikutana, mna uhakika wa kutosha. Yasipokutana, msiharakishe kusema watu wamekosea. Kwanza rudini kwenye daftari la namba.

Habari ni jambo moja, kukubali ni jengine

Hapa naomba muwe waangalifu kuliko popote. Kumwambia mtu kwamba mwamba utafungwa tarehe fulani ni habari, na habari huvuka kwa mtu mmoja. Kumfanya akubali kuacha kuchokoa pweza kwa miezi 3, wakati watoto wanahitaji kula, si kazi ya habari. Damon Centola na Michael Macy walieleza mwaka 2007 kwamba jambo lenye gharama au mashaka huhitaji mtu alisikie na alione kwa zaidi ya mmoja kabla hajalikubali, hivyo daraja la mtu mmoja, hata liwe fupi namna gani, halitoshi. Panahitajika mistari kadhaa inayovuka sambamba.

Kwa hiyo Mize peke yake atawafikishia tarehe. Kwa makubaliano, tafuteni watatu au wanne kwa kila jozi ya makundi, ikiwezekana wanaojuana: mmoja wa ndoa, mmoja wa biashara, mmoja wa darsa. Chiku na Issa wana thamani kwenu hata kama wangekuwa na namba ndogo kuliko ya Mize, kwa kuwa wanaongeza njia ya pili isiyopita kwake. Na mkiona sehemu yenye mtu mmoja tu, ambaye akisafiri au akiugua pande mbili zinatengana kabisa, msimbebeshe kazi zaidi. Wakutanisheni watu wawili watatu wa pande hizo moja kwa moja. Katika mchoro wa kwanza Asha, Mize na Haji wote walikuwa katika hali hiyo. Ulipoongezwa mstari wa Chiku na Issa, hakubaki hata mmoja.

Tena si kila aliye katikati anataka pande mbili zijuane. Burt aliandika mwaka 1992 kuhusu faida anayoipata mtu anayesimama kati ya wasiojuana, na mnunuzi anayejua bei ya pande zote mbili wakati wauzaji hawaijui anaishi kwa pengo hilo. Namba yake itakuwa kubwa kweli kweli, na hesabu haitakuambia nia yake. Ulizeni akina mama wa pande mbili, kila upande peke yake, bei aliyowapa wiki ile. Zikitofautiana bila sababu ya ubora, mnajua msimtegemee kwa ujumbe unaomgusa mfukoni.

Na mchoro wenyewe mlindeni. Unaonesha nani anamkopa nani, mwanamke gani anazungumza na mwanamme gani, ukoo gani hauendi kwa ukoo gani. Daftari la namba likae mbali na jedwali la mistari, kwa mtu mmoja aliyekubaliwa. Msibandike mchoro wenye majina ofisini wala msiutume kwenye kundi la WhatsApp. Hata ukiwa na namba tu, mtu wa mtaa atamtambua mwenye mistari inayokwenda shehia mbili na diko moja. Mtu mliyemtambua kama mwunganishi aambiwe mnachomwomba, na awe na haki ya kukataa. Wengine wanaweza kuwa katikati ya pande mbili kwa sababu hawajawahi kuonekana wakiegemea upande wowote, na kuwatangaza ni kuwaharibia.

Data yenu ya watu 140 msiitupe. Isafisheni majina kwanza. Kisha wachambueni wote waliotajwa na watu wa shehia mbili au kazi mbili tofauti, hata kama wametajwa mara mbili tu. Wale ambao orodha yenu ya umaarufu iliwaweka chini kabisa. Ongezeni walio dago na wachuuzi wa nje. Orodha hiyo ikikaa kati ya watu 25 na 40, wafuateni kwa maswali mapya katika maji mafu yanayokuja, waulizaji wanne, kila mmoja watu wawili au watatu kwa siku. Mtandao utakaotoka hapo ndio wa kuupeleka kwenye Gephi, na sheha mwelezeni mapema mnachokifanya na kwa nini safari hii hamkuanzia kwake.